Uzi: Kisumu–Chemelil–Nandi Hills kwa pikipiki mchana. Kwa nini injini inachoka katikati ya mlima, ikipumzika inapona?

#1 Jua la Kondele
Wakuu, salamu kwenu.

Mgeni akifika Kisumu na pikipiki yake, ana nusu siku mkononi, wengi humwelekeza Kericho. Mimi nasema apande Nandi. Natoka Mamboleo mwendo wa saa saba, nashika barabara ya Miwani. Miwa kulia, miwa kushoto, na ule ukuta wa Nandi uko upande wa kushoto njia nzima, unautazama tu, huupandi. Ukifika Chemelil ndipo unakata kushoto. Hapo kona inazaa kona. Joto la Kano linabaki chini, baridi inaingia kwenye mikono ya koti, na ukisimama ukageuka nyuma unaona bonde lote mpaka ziwani, ikiwa hakuna ukungu. Juu ni majani chai mpaka macho yachoke. Kutoka Nandi Hills naenda Kapsabet, nateremkia Chavakali, halafu Kiboswa na Riat, naingia mjini kabla ya giza. Mzunguko wote haufiki kilomita 200 na sizidishi hamsini kwa saa. Njia hii ukiikimbilia umeipoteza.

Sasa swali. Pikipiki yangu ni CC 150, ya kabureta, gia tano, oili mpya. Tambarare inavuta vizuri sana. Kupanda kutoka Chemelil, ikifika kama nusu ya mlima inaanza kulegea. Gia ya nne inakataa, ya tatu inalalamika, naishia ya pili. Nikisimama dakika kumi hivi kutazama bonde, nikiwasha inapanda safi kabisa. Baadaye inalegea tena. Mafundi wawili wameniambia mambo mawili tofauti. Nyinyi mnasemaje?

#2 Fundi Ahero
Hiyo ni hewa, ndugu yangu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nandi Hills inakaribia 2,000. Kwa kupanda huko tu hewa inapungua karibu asilimia 10. Kabureta yako ilipangwa huku chini kwenye joto, jeti, kile kitundu kinachopimia petroli, inamwaga petroli ile ile lakini hewa ya kuichoma haitoshi. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inashika masizi, nguvu inapotea. Ukifika juu fungua plagi uitazame. Ikiwa kahawia, niambie nimekosea. Ikiwa nyeusi na kavu, jibu umeshalipata.

Na usikubali mtu akuzungushie ile skrubu ya hewa akakwambia amemaliza. Ile inarekebisha silensa tu, yaani pikipiki ikiwa imesimama na injini inanguruma. Mlimani umefungua moto wote, kazi yote ni ya jeti kubwa.

#3 Binti Vihiga
Fundi, heshima yako, lakini hewa ya Nandi haiongezeki kwa sababu Jua amepumzika dakika kumi. Mlima ni ule ule na urefu ni ule ule. Kama shida ni hewa nyepesi, mbona akiwasha tena inapanda?

Mimi natazama kifuniko cha tangi. Pikipiki hizi zetu nyingi hazina pampu, petroli inashuka kwa uzito wake. Ili ishuke lazima hewa iingie juu, na inaingia kwa kitundu kidogo kwenye kifuniko. Vumbi likiziba kile kitundu, au sabuni ya wale vijana wa kuosha, tangi linaanza kujivuta ndani. Tambarare injini haili sana, hutaona kitu. Mlimani inakula kwa pupa, bakuli la kabureta linaisha kabla halijajazwa. Ukisimama, hewa inapenya taratibu, bakuli linajaa, unaondoka ukidhani umepona.

Iliwahi kunikuta upande wa Kaimosi, nikapanda msitu ule nikibembeleza gia mpaka nikakata tamaa. Mzee mmoja pale kando akaniambia, mama, fungua mdomo wa tangi. Nilisikia "fyuuu". Kwa hivyo Jua, ikilegea egesha kando mahali salama, fungua, sikiliza. Ikivuta pumzi, ni hiyo.

#4 Boda Nyamasaria
Dada unaendesha mwenyewe au unabebwa?

Shida hapo ni upepo. Mchana pale Chemelil unapigwa upepo kifuani, lazima pikipiki ichoke. Asubuhi panda uone, hutasikia hii stori.

#5 Binti Vihiga
#4 naendesha mwenyewe, na abiria wangu hufika wakavu kwa sababu natazama mawingu kabla ya kutoka.

#6 Mzee wa Trela
Watoto wangu, kabla ya kutaja ugonjwa muulizeni mgonjwa. Jua, pikipiki ikilegea, mlio wa injini unapanda au unashuka? Ukipanda mlio na mwendo haupandi, klachi inateleza. Sahani za klachi zikipata moto zinateleza, zikipoa zinashika tena, na hiyo inaendana na dakika zako kumi kuliko mambo ya jeti. Ukishuka mlio pamoja na mwendo, basi injini yenyewe ndiyo imekosa nguvu, au kuna kitu kinaizuia.

#7 Jua la Kondele
Asante wote. Mzee, mlio unashuka. Na kusema kweli mara nyingi nambeba mke wangu, lakini hata nikiwa peke yangu inatokea, ila juu zaidi kidogo.

#8 Chai Majani
Chamgei. Mimi ni mwenyeji wa Nandi Hills na huo mlima naushuka na kuupanda kwa kazi.

Boda #4, upepo umeugeuza. Usiku na alfajiri ndio unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Jua likishapasha nchi, kuanzia kama saa tano mpaka jioni, upepo unatoka ziwani kuja huku. Anayepanda mchana kutoka Chemelil anasukumwa mgongoni. Mtu atasema basi si ni vizuri, unasaidiwa. Hapana. Pikipiki hizi injini inapozwa na hewa inayopita kwenye mapezi yake. Unapanda kwa gia ya pili, kilomita 30 kwa saa, na upepo unaenda na wewe upande ule ule. Mapezi yanapata nini? Karibu hakuna. Injini inaiva. Ukiisimamisha dakika kumi inapoa kidogo, inarudi. Ndiyo maana asubuhi haisumbui, na hapo Boda umesema kweli ingawa kwa sababu nyingine.

Na huo upepo ndio unaleta mvua yetu. Ukifika juu unakutana na upepo wa kutoka mashariki, mawingu hayana pa kwenda ila juu. Saa tisa, saa kumi, inamwaga, na mara nyingi ni ya mawe. Majani ya chai yanatoboka kama yamepigwa risasi. Miaka ya 1960 mashamba ya chai ya Kericho na ya hapa Nandi Hills yalijaribu kurusha roketi mawinguni kuivunja mvua ya mawe, baadaye wakatumia ndege. Kwa hivyo Jua, saa saba ni kuchelewa. Toka saa tano, uwe Kapsabet kabla ya saa tisa.

#9 Jua la Kondele
Saa tano Kisumu jua linachoma. Lakini nimekusikia, mkuu.

#10 Mwana Muhoroni
Kila mtu anasahau majivu. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, yale majivu meusi yanapeperuka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Ukipita Miwani mpaka Chemelil nyuma ya trela ya miwa umevuta vumbi na majivu safari nzima. Filta ya hewa imeziba kabla hujaanza mlima. Injini inayokosa hewa kwa filta na injini inayokosa hewa kwa urefu wa mlima zinalia mlio mmoja. Ipige filta kwenye kiatu uone kinachoanguka.

Na kwa historia kidogo, kiwanda cha Miwani ndicho cha kwanza cha sukari nchini, 1922. Siku hizi ukipita unaona mabati yaliyolala. Inauma.

#11 Nakuru Njoro
Mnabishana plagi na hamjaona Kerio! Tokeni hapa Nakuru, Mogotio, Marigat, mpande Kabarnet, mshuke mpaka daraja la Chebloch mshibishe macho kwa kutazama wale vijana wanaoruka kwenye lile korongo, halafu mpande Tambach mpaka Iten. Hiyo ndiyo safari ya mchana.

#12 Kerio Upepo
#11 hiyo si safari ya mchana, ni ya kutwa nzima, na ukifika Iten jioni bado una njia ya kurudi Nakuru. Ukitokea Eldoret, hapo sawa: Iten, Tambach, Chebloch, unarudi ulikotoka, jioni uko nyumbani. Mimi huifanya Jumapili baada ya kanisa. Nasimama pale ukingoni Iten kwanza, naangalia bonde lote, naamua kama nashuka au mvua imeshafika vilima vya Tugen.

Lakini nina neno kwa Fundi #2. Kutoka Chebloch mpaka Iten unapanda zaidi ya mita 1,000, na Iten yenyewe iko kama 2,400. Pikipiki yangu si ya kabureta, ni ya kudunga petroli kwa umeme, ina kihisio kinachopima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Mchanganyiko wangu uko sawa kila mahali. Na bado Tambach inalegea! Kwa hivyo si masizi ya plagi peke yake.

#13 Fundi Ahero
Kerio, umenisaidia, hukunipinga. Kihisio kinarekebisha petroli, hakiwezi kukuletea hewa ambayo haipo. Nguvu ya injini ni hewa kwanza. Wewe unapoteza kwa kukosa hewa, Jua anapoteza kwa kukosa hewa na tena kwa petroli iliyozidi.

Binti, kuhusu dakika kumi, tazama hivi. Plagi yenye masizi ikipumzika halafu ukaiwasha na kupanda kwa gia ya chini injini ikizunguka kwa kasi, masizi yanaungua, unapata nguvu kwa muda. Halafu yanarudi.

#14 Binti Vihiga
Fundi hiyo ni ndefu kuliko mlima wenyewe. Kifuniko.

#15 Mwalimu Luanda
Mulembe. Naomba niulize nje ya plagi: mtu akifanya mzunguko huo anakosa Ikweta, si ndiyo? Ile alama iko Maseno.

#16 Chai Majani
Mwalimu, Maseno kuna alama, lakini mstari haukuishia hapo. Kisumu na Chemelil ziko kusini ya Ikweta, Nandi Hills, Kapsabet na Chavakali ziko kaskazini. Jua anauvuka mara mbili kila mzunguko, mara moja akipanda na mara moja akirudi.

#17 Mwalimu Luanda
Asante. Nitawapa wanafunzi wachore.

Na huko Nandi Hills mtu apite kaburi la Koitalel, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa Kapsabet 1895 akipinga reli.

#18 Chai Majani
Hapo naomba kusahihisha, Mwalimu, kwa sababu ni jambo letu la moyoni. 1895 ndipo upinzani wa Wanandi ulianza. Koitalel arap Samoei aliuawa 19 Oktoba 1905, na si Kapsabet, ni hapa Nandi Hills, kilima cha Ketbarak. Aliitwa kwa mazungumzo ya amani, afisa Mwingereza, Meinertzhagen, akampiga risasi. Reli ilikuwa imeshafika Kisumu tangu 1901. Kaburi lake lina jumba la makumbusho, na mtu anayepita kwa pikipiki asikose kusimama. Azime injini, avue helmeti, aingie. Nimeona vijana wanapita wakipiga honi kuelekea kwenye picha za majani chai, na mashamba hayo ya chai yalipandwa kwenye ardhi ambayo watu walifukuzwa baada ya kifo hicho. Ukijua hilo, kona zile unazipanda kwa moyo mwingine.

#19 Jua la Kondele
Nimekuwa nikipita bila kuingia. Safari ijayo tutaingia, mimi na mama watoto.

#20 Siaya Pole
Mimi nadhani ni mafuta. Kuna kituo kimoja kando ya njia, sikitaji, nikijaza hapo pikipiki inatoa moshi na mlimani inakohoa. Wanachanganya na mafuta ya taa.

#21 Mwana Muhoroni
Mchezo huo ulipungua sana baada ya 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Faida ya kuchanganya iliisha. Sisemi umeisha kabisa, lakini Jua hajasema anaona moshi.

#22 Boda Nyamasaria
Huko kuteremka Riat jioni ndiko kunanitisha mimi. Kupanda utalalamika tu, kuteremka utalazwa.

#23 Mzee wa Trela
Boda, hilo ni neno kubwa, na naomba vijana wote mlisome polepole.

Gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Nimeendesha trela za miwa na baadaye za masafa, Nakuru mpaka Malaba. Tajiri mmoja niliyemfanyia kazi alikuwa anatupimia dizeli kwa kijiko, ikipungua anakata mshahara. Kwa hivyo kwenye miteremko ya Salgaa na Sachangwan madereva wengi waliachia nyutro, gari linajiendea lenyewe, dizeli inabaki. Breki peke yake haiwezi kubeba mzigo ule. Inapata moto, inakuwa laini, unakanyaga hakuna kitu. Nimezika wenzangu kwa sababu hiyo. Na Sachangwan ile ya Januari 2009, lori la mafuta lilipoanguka na watu wakaja kuchota, moto ukawala zaidi ya mia, sisi tuliokuwa barabarani mwaka ule hatujasahau.

Pikipiki ni hivyo hivyo kwa udogo wake. Breki ya nyuma ya ngoma, umeikanyaga kutoka Nandi mpaka Chemelil, ukifika kona ya mwisho imechoka. Weka gia ya pili au ya tatu, acha injini ikushikilie, breki gusa na kuachia. Na kushuka Riat jioni jua linakupiga usoni, unaweza usione matatu iliyosimama mbele yako. Mke wa mtu yuko nyuma yako, mpeleke nyumbani.

Na hapo Jua nimepata wazo lingine. Kiatu cha breki ya nyuma. Kikikazwa sana kinagusa ngoma muda wote. Tambarare huoni, mlimani kinapata moto, kinavimba, kinakushika. Ukipumzika kinapoa, kinaachia. Ulisema mlio unashuka pamoja na mwendo, inaingia hapo.

#24 Nakuru Njoro
Mzee shikamoo. Hiyo ya breki hata mimi nitaangalia kesho.

#25 Jua la Kondele
Mrejesho, wakuu. Jana tulipanda tena, tulitoka mapema kama Chai Majani alivyosema. Iliposinzia nikaegesha.

Kifuniko: kimevuta hewa, nimesikia kwa masikio yangu. Nikafunga, tukaendelea, ikapata nguvu, lakini si zote. Ya nne bado ilikataa.
Plagi: nilifungua Nandi Hills. Nyeusi, kavu.
Filta: imetoa majivu na mabua.
Ngoma ya nyuma: ya moto, ingawa naweza kuweka kidole nikahesabu mpaka tatu.
Joto la injini sikuweza kupima, ila kulikuwa na wingu na baridi, na ililegea vile vile, juu zaidi kidogo kuliko kawaida.

Kaburini tuliingia. Mke wangu alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mvua tuliiacha nyuma Kapsabet, ikatukuta tena Shamakhokho, tukajibanza kwenye kibanda cha mama mmoja anayechoma mahindi. Chai yake ya maziwa ningeirudia hata bila mlima.

#26 Binti Vihiga
Kifuniko! Nilisema #3.

#27 Fundi Ahero
Plagi nyeusi. Nilisema #2. Teremsha jeti kubwa namba moja, usizidishe, maana ukirudi huku chini na jeti ndogo injini itachemka.

#28 Mwana Muhoroni
Filta iliyoziba ndiyo inafanya plagi iwe nyeusi. Badilisha filta kwanza, bei yake ndogo, kabla hujagusa jeti ya watu.

#29 Chai Majani
Na siku ya wingu imelegea "juu zaidi kidogo". Kwa nini juu zaidi, kama si joto?

#30 Kerio Upepo
Kwa nini juu zaidi? Kwa sababu safari hii alifungua tangi njiani. Wote mnashika mguu mmoja wa tembo.

#31 Mzee wa Trela
Jua, legeza nati ya breki ya nyuma kidogo, inua gurudumu, lizungushe kwa mkono likiwa na moto. Likisimama mara moja, tuongee. Usibadilishe vitu vitatu siku moja, hutajua kilichoponya.

#32 Jua la Kondele
Sawa Mzee. Jumamosi nabadilisha filta na kutoboa kitundu cha kifuniko, hayo mawili tu. Binti, uko wapi siku hiyo?

#33 Binti Vihiga
Natokea Chavakali saa nne, nazunguka kinyume chako, Kapsabet kwanza. Tukutane Nandi Hills saa saba. Uje na plagi ya akiba, na Fundi aje na jeti zake.

#34 Fundi Ahero
Jumamosi nina injini mbili za kufungua. Nitafika Chemelil pale penye kona ya kwanza saa sita, mnibebe huko juu. Nani ana nafasi nyuma?

#35 Boda Nyamasaria
Mimi. Lakini utalipa petroli.